Karatasi Isiyo na Kichwa

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Futi ya kupimia nguo shingoni, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni, mkono mmoja kikombe, mkono wa pili unapapasa chini ya cherehani.

"Mwashi, nyanyua mguu. Umekanyaga kifungo changu."

Nikanyanyua. Hakikuwepo.

"Huo mwingine, bwana."

Kilikuwepo. Akakipuliza vumbi, akacheka. "Miaka arobaini na mmoja, bado hujui unachokanyaga."

Nilinuna kidogo, kisha nikasahau. Akanipa ncha ya kitambaa cha sare nimshikie. Mkasi ukapita. Akasema bila kuinua macho:

"Jumamosi mkutanoni utakaa mbele. Siyo mlangoni na wale wanaokuja kwa ajili ya soda."

"Nitakaa."

"Na utasema."

"Niseme nini?"

"Anza na hapana. Mengine yatafuata yenyewe."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi hakuiona.

Nimenyamaza miezi minne. Nimesikia watu wakimsimulia mke wangu kama waliwahi kula naye sahani moja. Mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele ya jeneza lake akasema alikuwa mshirika wake wa maendeleo. Uongo. Mke wangu alikuwa mpinzani wake, na alimpinga mchana kweupe, kwa jina lake na kwa sauti yake. Kwa hiyo nasema mwenyewe.

Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani kwetu, mahali pamoja, mpaka miguu ya meza ikachimba sakafu niliyoipiga mimi. Alishona sare za shule ya mtaa, baba akaja kupimwa, kisha mtoto wa yule baba akaja kupimwa. Hata mwenyekiti alimshonea kaptula. "Nilimpima kiuno akiwa darasa la kwanza," alikuwa akisema, "na tangu wakati ule alikuwa anavuta tumbo ndani ili aidanganye futi."

Watu walimwita Mama Futi. Mimi nilimwita Fundi. Yeye aliniita Mwashi, maana kazi yangu ilikuwa kujenga. Nyumba nyingi za safu yetu zimetoka mikononi mwangu. Yeye alisoma mpaka darasa la nne. Mimi baba yangu alinipa mwiko wa kujengea, daftari hakunipa. Fundi alisoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa misumari, tena kwa sauti, mimi nikiwa nakula. Nilidhani ni mdomo tu. Kumbe alikuwa ananigawia.

Nyuma ya nyumba zetu kuna kichochoro. Kinaanzia uani kwetu, kinakata kona kwenye ghala, kinatokea barabarani mkabala na zahanati. Tulipojenga nyumba ya kwanza pale tuliacha futi tisa, mikokoteni miwili ipishane. Hakuna aliyeandika popote. Kila mtu alijua. Tuliamini kwamba kinachojulikana na wote hakina haja ya kuandikwa. Ujinga wetu ulianzia hapo.

Mwenye ghala akataka kupanua ghala lake. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Ajenda, wakasema, ni usafi wa mitaro.

Nieleze mikutano yetu ilivyokuwa. Ukifika mlangoni mwa darasa la shule ya mtaa, katibu anakupa karatasi. Unaandika jina na saini. Asiyejua kuandika anabandika dole gumba. Ndipo unapewa soda. Karatasi yenyewe haina kichwa. Juu peupe, chini majina. Tulifanya hivyo tangu mwenyekiti wa kwanza, na hakuna aliyeuliza. Mahudhurio ni mahudhurio. Wengine walisaini, wakabeba soda, wakaenda zao kabla mkutano haujafunguliwa.

Siku ile shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Fundi alikuwa amezama kwenye kaptula. Akanituma. "Nenda ukasikilize, uje unieleze neno kwa neno." Nikaenda. Nikabandika kidole. Nikanywa soda. Mwenyekiti alipoanza kuzungumzia takataka nikasinzia. Niliporudi nikamwambia, "Mitaro tu."

Wiki ya tatu tofali zikashushwa. Vijana wakavuta kamba, na hawakuivuta pembeni. Waliivuta ndani ya kichochoro. Fundi akatoka na futi yake, akainama, akapima kutoka kwenye kamba mpaka ukuta wa jirani. Inchi thelathini na sita.

"Kiuno," alisema. "Mtaa mzima wametupimia kiuno cha mtu mmoja."

Jirani yetu muuza mkaa, mwanamke wa miraba minne, akajisimamisha pale kwenye kamba. "Mimi nikipita hapa na gunia, Mama Futi, mimi nitafika leo, gunia litafika kesho."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hicho ndicho tulichofanya siku ile mtaa mzima. Tulicheka.

Fundi hakucheka. Alifunga mlango akaenda ofisi ya mtaa. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha cherehani, miguu mbali na pedeli.

"Mwashi, ulikubali kichochoro kikatwe?"

"Nani, mimi?"

"Nimeonyeshwa karatasi. Juu imeandikwa: Sisi wakazi tumeridhia kwa kauli moja. Chini majina sitini na matatu. Kisha vidole. Cha kwanza ni chako."

"Kidole changu umekijuaje?"

"Kina kovu la tindo katikati. Nilikifunga kitambaa kwa mikono yangu, nitakosa kukijua?"

Nikasema ile ilikuwa mahudhurio. Akasema, "Najua." Nikasema wametupiga changa la macho. Akasema, "Najua." Kisha akasema, "Lakini wewe ulikuwepo. Mimi ningekuwepo ningeuliza. Wewe ulikuwepo ukalala."

Siku mbili hakunisemesha. Chakula aliweka, maneno hakuweka. Siku ya tatu alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaandika herufi moja kwenye sakafu.

"Kaa chini."

Nilikuwa na miaka sitini na minane. Nikamwambia kwa umri huu kidole kinanitosha. Alinijibu jambo ambalo nitalisema mwisho. Nikakaa chini.

Kila alfajiri ilikuwa herufi, kisha chai. Aliponiona nimechoka alinitania: "Wewe uliyesimamisha nyumba kumi na moja, unashindwa kusimamisha herufi moja?" Zilianguka kweli. Zangu zilikuwa zinalala kama miti iliyopigwa na upepo. Lakini zilisomeka.

Mchana alitoka nyumba hadi nyumba. Alikuwa amesoma kwenye kanuni za mtaa, zilizobandikwa ofisini nyuma ya mlango mahali pasipofunuliwa, kwamba wakazi sitini wakidai mkutano kwa maandishi lazima uitishwe. Akaandika karatasi yake. Kichwa kwanza, kwa herufi kubwa: TUNATAKA KICHOCHORO CHETU CHA FUTI TISA. Kila mlango aliisoma yote kwa sauti, hata kwa wanaojua kusoma, ndipo akatoa kalamu. Mtu akisema "Lete tu nisaini, nina haraka," alimjibu, "Haraka hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Sikiliza."

Karatasi zilipokuwa nyingi alizipanga, akaziweka chini ya sindano ya cherehani, akazishona ukingo kwa uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo kama wa kola.

"Unashona karatasi?" nilimuuliza.

"Wakichomoa moja itaacha matundu. Mwizi hapendi kuacha matundu."

Milangoni watu walikuwa simba. "Mama Futi, tuko nyuma yako!" Alikuwa akiwajibu, "Nyuma yangu pameshajaa. Natafuta wa kukaa pembeni."

Mkutano wa kwanza walikuja watu thelathini na wanane. Mwenyekiti akatazama saa, akasema akidi haijatimia. Wa pili, mvua ilinyesha asubuhi, akasema darasa linavuja. Wa tatu, ufunguo wa darasa ulipotea. Ulipotea siku hiyo moja tu, Jumatatu yake wanafunzi waliingia kama kawaida.

Na wale wa "tuko nyuma yako"? Mmoja alikuwa na mgeni. Mmoja alikuwa na nguo za kufua. Mmoja alinivuta kando akaninong'oneza, "Mzee wangu, mwanangu anatafuta kazi, na barua ya utambulisho anaandika mwenyekiti. Nikimkera, nani ataniandikia?" Nilimwelewa. Sijamsamehe. Hayo ni mambo mawili.

Ukuta ulikuwa unapanda wakati sisi tunaahirishwa. Na ulikuwa ukuta mbovu. Mchanga mwingi, saruji ya kuonyesha tu. Nilipita pale kila siku ubavu ubavu na kila siku uliniudhi mara mbili, kwa mahali uliposimama na kwa jinsi ulivyojengwa.

Siku ya nne ikapangwa. Jumamosi.

Sasa narudi kwenye ile Jumanne. Saa nane mchana nilikuwa uani nikinoa tindo yangu ya kukatia tofali. Niliisikia cherehani inakwenda, kisha ikaacha katikati ya mshono. Fundi haachi katikati ya mshono. Nilipofika barazani alikuwa chini, kiatu kimoja kimebaki kwenye pedeli, kitambaa bado kimeshikwa na sindano.

Nikaita. Wanaume wanne wakaja, tukang'oa mlango wa chumba, tukamlaza juu yake. Tukaingia kichochoroni, mmoja mbele, mmoja nyuma, maana pembeni hapakuwa na nafasi ya mtu. Tukafika kwenye kona. Mlango haukukata kona. Tuliuinua, ukagonga. Tuliuinamisha, akaanza kuteleza. Zahanati niliiona. Nililiona dirisha lake la bluu, naapa, niliona mtu ameegemea pale anakula embe. Tukarudi kinyumenyume. Tukazunguka nyuma ya soko, kwenye mtaro, katikati ya watu na mizigo yao, nikipiga kelele "Njia! Njia!"

Tulipofika walisema ni presha. Wakasema tumechelewa. Waliandika presha. Madaktari hawaandiki ukuta.

Alhamisi ndiyo siku ya kuzika. Binti yetu alifika asubuhi, amevimba macho. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Nimezoea kuhesabu tofali kwa macho, na watu niliwahesabu hivyo hivyo. Walipita mia na ishirini. Walileta viti. Walileta na watoto.

Mwenyekiti alisimama na karatasi yake. Akasoma yale ya mshirika wa maendeleo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akaikunja karatasi, akaweka mkono kifuani.

"Na kwa heshima ya marehemu," alisema, "mkutano wa Jumamosi umeahirishwa mpaka tutakapotangaziana tena."

Kwa heshima ya marehemu.

Binti yangu alihisi kabla sijasimama. Alinishika mkono. "Baba, acha. Siyo leo." Nikautoa mkono.

"Hapana," nilisema.

Watu wakageuka. Hawakuwahi kunisikia.

"Pole sana, mzee wangu," alisema mwenyekiti. "Hapana nini?"

"Akidi ni watu wangapi?"

"Mzee, huu ni msiba. Siyo mkutano."

"Nimekuuliza. Wangapi?"

Katibu ndiye aliyejibu, neno lilimtoka kwa mazoea. "Sitini."

"Wahesabu hawa."

Hakuhesabu. Nikawageukia watu. "Akiwa hai aliwaita mara tatu. Wewe ulikuwa na mgeni. Wewe ulikuwa na nguo za kufua. Leo amekufa mmekuja wote, hata viti mmebeba. Vizuri. Mmefika. Pale kuna kona, na hapa kuna jeneza la futi sita, na jeneza halikunjwi. Sasa semeni. Apitishwe mtaroni nyuma ya soko kama takataka, au apite njia yake? Anayetaka apite njia yake, anyooshe mkono. Kwa macho yangu niuone."

Mkono haukunyooka. Mtu akakohoa. Niliwachukia wakati ule, mmoja mmoja, kwa sura zao.

Muuza mkaa akanyoosha mikono miwili.

"Mtu mmoja mkono mmoja," katibu akasema, mazoea tena.

"Huu wa pili ni wa gunia," alisema muuza mkaa. "Na lenyewe ni mkazi."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikamgeukia kilio. Ukanyooka mkono mwingine. Kisha yule wa barua ya mwanawe, ameangalia chini, lakini mkono uko juu. Kisha ikawa kama shamba limeota. Binti yangu akaingia ndani, akatoka na zile karatasi za uzi mwekundu, akasoma kichwa kwa sauti ya mama yake: "Tunataka kichochoro chetu cha futi tisa." Akahesabu mikono mara mbili, akaandika chini ya jina la mwisho bila kuacha nafasi. Mia na nne.

Mwenyekiti akasema, "Huu si utaratibu."

"Utaratibu ulipoteza ufunguo," nikamwambia.

Nikachukua nyundo na tindo niliyokuwa nainoa ile Jumanne. Watu hudhani ukuta unavunjwa katikati. Mimi ni mwashi, najua unapoanzia kufa. Nilianza kwenye kona, tofali la tatu kutoka chini, palipokuwa na mchanga mtupu. Vijana wakanipokea nyundo. Haukuchukua muda, ukuta wa hila hauna shingo ngumu. Tofali tulizipanga pembeni vizuri, tusije tukaitwa wezi. Kisha Fundi akapita, mabegani mwa watu sita, watatu huku na watatu huku, na bado muuza mkaa alitembea kando yake bila kujibana.

Wanasema ilikuwa siku nzuri ya mtaa wetu. Mara ya kwanza kuamua jambo na kulifanya siku hiyo hiyo. Wanasimulia kwa fahari. Mimi sina fahari. Mikono ile mia na nne ilikuwepo siku zote, kwenye mifuko ya suruali na ndani ya kanga. Ilisubiri afe. Wangeinyoosha mwezi mmoja mapema, mlango ungekata kona. Na mkono wangu na wenyewe umo, nao ndio wa kwanza kwenye lawama, maana kidole chake ndicho kilichotangulia kwenye ile karatasi.

Wiki iliyopita alikuja katibu. Nilikuwa barazani, naipaka cherehani mafuta isishike kutu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akakaa bila kukaribishwa. Akasema mwenye ghala anataka kujenga tena. Akasema mwenyekiti ameuliza kwa wakubwa, na mikono ya msibani haihesabiki. Akasema hakuna anayetaka kunisumbua mimi, mtu mzima mwenye majonzi. Akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza ya cherehani. Akafungua kidau cha wino.

"Weka kidole tu hapa, yaishe."

"Inahusu nini?"

"Kawaida tu. Kwamba siku ile ulikuwa na uchungu."

Nikavaa miwani ya mke wangu. Juu, nusu nzima ya karatasi, peupe. Chini kulikuwa na mstari mmoja. Niliusoma polepole, kwa sauti, nikiufuata kwa kidole, na muuza mkaa aliyekuwa anapita na gunia akasimama kusikiliza: "Mimi niliyeweka alama hapa chini nakubaliana na yote yaliyoandikwa hapo juu."

"Hapo juu hapajaandikwa kitu," nilimwambia.

"Kichwa tutaandika ofisini, mzee. Usijali."

Nilikitazama kile kidau, cheusi, kimefunguka kama mdomo. Nikachukua kalamu. Katibu akatabasamu, akakisogeza kidau kando. Pale juu palipoachwa peupe nikaandika, herufi kubwa, zimelala kama kawaida yangu: HAPANA. Chini yake nikaandika jina langu lote. Nikaiweka chini ya sindano, nikaishona pamoja na zile nyingine, kwa uzi mwekundu. Mshono wangu ulikwenda upogo. Hajaichukua mpaka leo.

Nilisema nitalisema mwisho lile jambo alilonijibu, siku ya kwanza ya chaki, nilipomwambia kwa umri wangu kidole kinanitosha. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, hakuinua kichwa. Alisema:

"Kidole hakina macho, Mwashi. Macho unayo wewe. Soma kwanza, halafu ndiyo ukatae."